Roma, fungate yetu ya pili

Kuna watu wanakwenda Roma kumwona Papa. Wengine wanafuata viatu. Mimi na mume wangu tulikwenda kutafuta mahali ilipozaliwa mashine iliyomrudisha mume wangu nyumbani, na ambayo hapo hapo ilininyang'anya fungate yangu.

Ngoja nianze mwanzo, maana najua wengine mtasema nawachanganya. Tulifunga ndoa Desemba, miaka sita iliyopita. Harusi ya Dar es Salaam kama mnavyozijua: kamati, vikao, kadi za michango, na MC anayeongea kuliko maharusi. Kesho yake tukapanda boti kwenda Zanzibar, tukakaa siku saba Paje. Jioni ya tano maji yalikupwa, tukatembea juu ya mchanga ule mweupe hadi tukaiacha hoteli mbali nyuma yetu, na mume wangu akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Hilo nitalirudia.

Februari akaanza kuzimika. Sina neno jingine. Kwanza usingizi ukaondoka, halafu chakula, halafu maneno. Hadi Machi alikuwa analala anatazama ukuta, hata maji hanywi mpaka nimbembeleze kwa kijiko. Mama mkwe akaleta watu wa maombi. Wifi akasema ametupiwa kitu na watu wa kazini kwake. Daktari akasema ni sonona kali, na akaniambia kitu kilichonikata maini: vidonge vya sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na mtu asiyekula wala kunywa hana wiki kadhaa. Akashauri tiba ya umeme.

Jamani, umeme! Picha iliyonijia ni ile ya sinema, mtu kafungwa kwenye kitanda anapiga kelele. Lakini nilisaini. Tukaenda hospitali moja Nairobi, akapata tiba hiyo mara nane ndani ya wiki nne. Haikuwa kama sinema. Anadungwa sindano ya usingizi, anapewa dawa ya kulegeza misuli, anawekewa kinga ya meno mdomoni, halafu umeme unapita kichwani kwa sekunde chache. Ubongo unapata degedege la chini ya dakika moja, lakini mwilini unaona kidole cha mguu tu kinachezacheza. Nusu saa baadaye ameamka, kichwa kinamgonga, anauliza yuko wapi.

Baada ya mara ya tano aliomba chai. Baada ya mara ya nane alicheka. Nilimpigia simu mama mkwe nikashindwa kuongea kwa kulia.

Tukarudi nyumbani. Jumapili moja nikafungua albamu ya picha. Akaishika, akaitazama kwa makini, akaniuliza, "Hapa ni wapi, mama?"

"Paje, baba. Fungate yetu."

"Kumbe tulikwenda fungate?"

Nikacheka kama vile ni utani. Nikaenda bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Daktari alikuwa ametuonya. Tiba hii inaweza kufuta kumbukumbu za wiki au miezi iliyo karibu na matibabu, na zingine hazirudi. Nilielewa kwa kichwa. Kwa moyo sikuelewa. Nilibaki na siku saba ambazo nilizikaa na mtu, lakini nazikumbuka peke yangu. Kwa miaka mitano sikumwambia inaniumaje. Unamlaumuje mtu kwa kupona?

TERMINI

Wazo la Roma lilikuwa lake. Alikuwa amesoma kwamba tiba ile ilianzia huko, akasema, "Twende tukaone. Halafu tuifanye ndiyo fungate, maana ile nyingine nilikula peke yangu bila kuonja." Tuliweka akiba miaka miwili, tukahangaikia viza, tukaruka kupitia Addis Ababa mwezi wa Julai. Kosa la kwanza: Julai. Roma ya Julai inachoma kuliko Dar, kwa sababu haina upepo wa bahari wa kukuombea msamaha.

Hoteli yetu ilikuwa nyuma ya kituo cha treni cha Termini, chumba kidogo kama kabati. Jioni ya kwanza tukasimama mbele ya kituo, watu wanapita na mabegi, harufu ya kahawa kila upande. Mume wangu akanisimulia.

Mwaka 1938 polisi walimkuta mwanamume mmoja akizurura kituoni hapa, anaongea maneno yasiyoeleweka. Alikuwa ametoka Milano. Jengo la wakati ule halipo tena, hili la sasa lilikamilika 1950. Wakampeleka kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu, kwa Profesa Ugo Cerletti na msaidizi wake Lucio Bini. Aprili mwaka huo huo akawa binadamu wa kwanza kupewa tiba ya umeme. Mara ya kwanza umeme ulikuwa mdogo mno, hata fahamu hakupoteza, akaanza kuimba. Aliposikia wanapanga kurudia, akawaambia wasithubutu. Wakarudia. Safari hii degedege likaja kamili, na baada ya vipindi kadhaa akili ikamtulia, akaruhusiwa.

"Hakuna aliyemwuliza kama anataka," mume wangu akasema.

Nikanyamaza.

"Hata mimi sikuulizwa," akasema, taratibu kabisa, bila hasira. Halafu akanishika mkono tukaenda kula.

Wapenzi wasomaji, ile pasta sijui ilikuwa na ladha gani.

TESTACCIO

Kesho yake tukapanda treni ya chini ya ardhi, vituo vinne kutoka Termini hadi Piramide, tukatembea hadi mtaa wa Testaccio. Ni mtaa wa zamani wa wafanyakazi, una soko zuri na migahawa inayosifika kwa supu za utumbo na mikia ya ng'ombe. Kama unapenda supu ya utumbo ya kwetu, hapo hutapotea. Pana pia kilima kizima kilichotokana na vipande vya mitungi ya mafuta ya zeituni iliyotupwa na Warumi wa kale. Yaani jalala limekuwa mlima, na leo watu wanalipiga picha.

Pembeni ya kilima ndipo lilipo Mattatoio, machinjio ya zamani ya jiji. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, likafungwa 1975, na sasa lina kumbi za maonyesho ya sanaa. Juu ya lango kuna sanamu ya kiumbe mwenye mabawa akimwangusha fahali. Ndani, zile reli za juu zenye ndoano za nyama bado zipo.

Kwa nini machinjio? Kwa sababu madaktari wa enzi zile waliamini degedege linaweza kutuliza baadhi ya magonjwa ya akili. Mwaka 1934 huko Budapest, Ladislas Meduna alikuwa analianzisha kwa sindano za kafuri, baadaye kwa dawa nyingine iliyowatia wagonjwa hofu ya kifo kabla halijaanza. Cerletti alitaka umeme, ila aliogopa kuua. Akasikia kwamba machinjioni nguruwe wanapigwa umeme kichwani. Akaja kutazama, akagundua kwamba umeme ule hauwaui. Unawaangusha kwa degedege, kinachoua ni kisu. Akafanya majaribio yake hapa hapa.

Mume wangu alizitazama zile ndoano muda mrefu. "Kwa hiyo mimi na nguruwe ni ndugu," akasema, na sisi wawili tukaangua kicheko hadi mlinzi akatugeukia. Nilifurahi. Ukiona mtu anautania ugonjwa wake, ujue amepata nguvu juu yake.

Lakini alikuwa anachechemea. Vile vijiwe vya barabara za Roma vilikuwa vimemwamsha goti. Nikafungua mkoba wangu, nikampa ibuprofeni. Nilikuwa nimeanza kumpa tangu jana yake, asubuhi, mchana na jioni. Mke anayejali, si ndiyo?

KOSA LANGU

Mume wangu ana ugonjwa wa baipola. Hiyo sonona ilikuwa upande mmoja wa sarafu. Upande wa pili ni ule wa kutolala, kununua vitu hovyo na kujiona waziri. Ndiyo maana baada ya tiba ya umeme aliandikiwa lithiamu, vidonge vilivyomshika wima hadi leo. Ni dawa ya zamani. Daktari John Cade wa Australia alitangaza kazi yake mwaka 1949. Na ni miongoni mwa dawa chache za akili zinazojulikana kupunguza watu kujiua.

Ila lithiamu ni chumvi, na inatolewa mwilini na figo. Kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru vimekaa jirani kama nyumba za Kariakoo. Mume wangu huwa yuko 0.7 kwenye damu. Kuanzia 1.5 ni hatari. Ukitoka jasho jingi, ukiharisha, ukiacha chumvi ghafla, figo zinaishikilia dawa badala ya kuitoa. Na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zinafanya vivyo hivyo. Haya yote niliyajua. Yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji yetu Mbezi. Nikayasahau kwa sababu ya goti na raha ya safari.

Siku ya nne asubuhi kikombe cha kahawa kilimtetemeka hadi kikamwagika. Huwa anatetemeka kidogo, tumezoea. Huku kulikuwa kutetemeka kwingine. Usiku alikuwa ameharisha, tukalaumu supu ya utumbo. Tulipotoka nje akaanza kuyumba. Mama mmoja akavuta mwanawe pembeni, akidhani amelewa saa tatu asubuhi. Nikamwuliza swali, akanijibu kwa ulimi mzito kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Hapo ndipo ile karatasi ya friji ilinijia yote, mstari kwa mstari.

Nikapiga 112. Hospitali waliniuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga, anatumia nini? Nikatoa barua ya daktari wetu. Nikasema pia, kwa sauti ndogo, nilichompa mimi. Damu ikapimwa: 1.9. Wakamsitishia lithiamu, wakamwekea dripu, wakampima moyo, wakawa wanarudia kupima damu. Daktari alisema tungechelewa siku mbili tungekuwa tunaongelea kifafa na mashine ya kusafisha damu.

Usiku huo nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Nilifikiri hivi: nimemkasirikia mume wangu kimoyomoyo miaka mitano kwa kusahau siku saba, na mimi nimesahau karatasi moja.

Asubuhi ya pili alifungua macho vizuri, akanitazama, akasema, "Mama, umekonda." Nikamwomba msamaha. Akasema, "Goti nalo limepona."

SANTA MARIA DELLA PIETÀ

Tuliruhusiwa na maagizo: kipimo kidogo baada ya damu kushuka, maji kila wakati, kwa maumivu ni parasetamoli tu. Maji si shida Roma. Jiji lina vibomba vya chuma zaidi ya 2,000 barabarani, vinaitwa nasoni, yaani pua kubwa, vimekuwepo tangu 1874. Maji yanatiririka bure mchana na usiku, baridi na masafi. Nilimjazia chupa kila tulipokutana na pua.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka tukapanda treni kutoka kituo cha San Pietro kwenda upande wa Monte Mario. Huko kuna bustani kubwa yenye misonobari na majengo yaliyotawanyika. Watu wanakimbia, watoto wanaendesha baiskeli. Ni pazuri hadi unasahau kwamba hii ilikuwa hospitali ya vichaa ya Roma, iliyofunguliwa hapa 1914. Mwaka 1978 Italia ilipitisha sheria namba 180, inayoitwa sheria ya Basaglia kwa heshima ya daktari Franco Basaglia, aliyesema mgonjwa hatibiwi kwa kufungiwa. Hospitali hizo zikaanza kufungwa nchi nzima. Jengo namba 6 sasa ni Makumbusho ya Akili.

Nilitegemea vioo na vumbi. Sivyo. Kuna mahali unaweka viwiko mezani, unaziba masikio kwa viganja, na badala ya ukimya unasikia sauti. Mume wangu alitoa mikono haraka. Kuna chumba cha kufungia watu, chenye kitanda na kamba. Kuna chumba cha dawa, na hapo tulikaa muda mrefu, maana historia yake tunaijua kwa miili. Dawa ya kwanza ya kutuliza wazimu, ambayo kwetu wengi wanaijua kwa jina la Largactil, ilianza kutumika Ufaransa 1952. Zikafuata nyingine. Ziliwatoa maelfu nyuma ya milango, na ziliwaacha wengine wamekakamaa, wanatafuna midomo bila kupenda. Za kisasa hukakamaza kidogo, lakini baadhi zinanenepesha na kuleta kisukari. Na ule umeme, kabla ya sindano ya usingizi kuwa kawaida, uliwahi kutumika kwenye hospitali kama hizi kutishia wakorofi. Picha yangu ya sinema haikutoka hewani.

Halafu tukafika chumba cha mafurushi. Mgonjwa alipolazwa, nguo na vitu vyake vilifungwa furushi, vikawekwa hadi atakapotoka. Wengine hawakutoka. Mafurushi yamebaki.

Mume wangu akasimama pale. "Wangu uko wapi?" akauliza.

Sikujibu mle ndani. Tulitoka, tukakaa kwenye benchi chini ya msonobari, nikamwambia, "Furushi lako ninalo mimi."

Nikamsimulia Paje yote. Chumba, pweza wa nazi, jinsi alivyoungua mgongo. Halafu jioni ya tano. Aliniambia kwamba akiwa chuo aliwahi kulazwa wiki tatu. Walimdunga haloperidoli, usiku shingo ikajipinda na macho yakapanda juu, ndugu wakasema ni mapepo, kumbe ni madhara ya dawa, sindano nyingine ikayamaliza kwa dakika chache. Akaniambia pia habari za baba yake mdogo, aliyefungiwa chumba cha uani kijijini miaka hadi akafa. Nilikasirika sana jioni ile. Mambo hayo unaniambia baada ya harusi, siyo kabla? Akaniomba radhi. Halafu akasema: siku nikipotea, usinifungie ndani. Nitafute, kwa njia yoyote itakayokuwepo.

"Kwa hiyo Termini ulisema hukuulizwa," nikamwambia. "Uliulizwa, baba. Ulinijibu kabla sijauliza. Ndiyo maana nilisaini."

Alikaa kimya. Yeye miaka yote alidhani habari za chuo nimeambiwa na mama yake. Baadaye akauliza, "Mbona hukuniambia?"

Nikamjibu ukweli: kwa sababu nilikuwa na hasira. Ile jioni ilikuwa kitu pekee kilichobaki changu, sikutaka kumpa mtu aliyeiangusha.

Hakusema amekumbuka. Hajakumbuka hadi leo. Alisema tu, "Rudia pale kwenye pweza," nikarudia.

UKISAFIRI NA MTU WAKO

Kama mwenzi wako anatumia dawa za akili, yazingatie haya kabla ya kufunga mabegi:

- Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari, yenye majina ya kitabibu na vipimo. Jina la dukani hubadilika nchi hadi nchi.

- Kwa anayetumia lithiamu: maji ya kutosha, chumvi kama kawaida yake, na hakuna dawa ya maumivu wala ya presha mpya bila kumwuliza daktari. Damu, figo na tezi la shingo vipimwe kwa ratiba.

- Kutetemeka sana, kuharisha, kutapika, kuyumba, ulimi mzito: hospitali siku hiyo hiyo.

- Usiache dawa ghafla kwa sababu mnajisikia vizuri. Mara nyingi mnajisikia vizuri kwa sababu ya dawa.

- Mkipanga mtoto, ongeeni na daktari kabla ya mimba. Sodiamu valproeti, inayotumika kwa baipola na kifafa, inaweza kumdhuru vibaya mtoto tumboni.

- Tiba ya umeme ikishauriwa, ulizeni kuhusu kumbukumbu, na andikeni mambo yenu ya karibuni kabla haijaanza. Ulizeni pia njia nyingine. Ipo ya sumaku, isiyohitaji usingizi na isiyogusa sana kumbukumbu. Marekani iliiruhusu kwa sonona mwaka 2008. Ila kwa mgonjwa mahututi wa sonona, umeme bado ndio wenye nguvu zaidi.

Tumerudi Mbezi. Ile karatasi ya friji nimetoa nakala, moja iko kwenye mkoba wangu, palipokuwa na ibuprofeni. Na nimenunua daftari. Kila Jumapili tunaandika wiki yetu, yeye ukurasa wake na mimi wangu. Wiki iliyopita aliandika mistari miwili tu: damu 0.7, na mke wangu ameunguza wali. Sijaunguza. Uliganda kidogo tu chini.